Kuamini Sana Si Kujua

Wasee, tuongee ukweli. Kuna sentensi moja inaua kila mjadala siku hizi: "Hiyo ni imani yangu, iheshimu." Sawa, wewe nitakuheshimu. Lakini wewe si imani yako, na hiyo nitaihoji.

Chukua vidonda vya tumbo. Uliza mtaani vinaletwa na nini, jibu liko tayari: pilipili, mawazo mengi, na kuruka chakula. Hakuna anayesema "nadhani". Wote wanajua. Waulize wamejuaje, watakutajia shosho, mtu wa hosteli, na msee fulani wa TikTok.

Na si watu wa mtaa peke yao. Kwa miaka mingi hata madaktari, na digrii zao zote, waliamini vidonda ni asidi na mawazo tu. Halafu kule Perth, Australia, Robin Warren na Barry Marshall wakapata bakteria kwenye matumbo ya wagonjwa. Wengi waliwapuuza, juu kila mtu "alijua" bakteria hawawezi kuishi kwenye asidi ya tumbo. Mwaka wa 1984 Marshall akachukua bakteria hao, akawanywa. Siku chache baadaye anatapika, na vipimo vikaonyesha tumbo limevimba kwa ndani. Mwaka wa 2005 wawili hao wakapewa Tuzo ya Nobel. Leo tunajua vidonda vingi huletwa na bakteria hao, Helicobacter pylori, na vingine huletwa na dawa za maumivu kama ibuprofen na aspirini.

Sasa ona tofauti. Imani ni kitu umekubali moyoni. Kujua pia ni kukubali, lakini kitu chenyewe lazima kiwe kweli, na uwe na njia ya kuonyesha. Kuwa na uhakika haitoshi. Wale waliomkataa Marshall walikuwa na uhakika kukuliko. Bakteria hawakujali.

Najua mtu atasema, "Lakini mimi nikila pilipili naumwa." Nakuamini. Pilipili inaweza kuchokoza tumbo ambalo tayari lina shida. Lakini kuchokoza kidonda si kukileta. Unachojua ni kwamba unaumwa. Hiyo ya sababu umejijazia mwenyewe.

Mwingine atasema, "Sayansi nayo hubadilika kila siku, mbona niiamini?" Buda, hiyo ndiyo nguvu yake. Ilibadilika kwa sababu mtu alipima. Imani yako haijabadilika tangu darasa la nne, na si kwa sababu ni kweli. Ni kwa sababu hujawahi kuijaribu.

Na huu si ubishi wa bure. Kuna mtu saa hii anatafuna tembe za asidi kila siku, anakunywa juisi ya kabichi, na maumivu yakizidi anameza ibuprofen. Kidonda kinaendelea. Kinaweza kutoa damu, kinaweza hata kutoboa tumbo. Anateseka na kitu ambacho kina kipimo, na kama ni bakteria, kina antibiotiki. Lakini hajawahi kupimwa, juu "anajua" ni pilipili.

Kwa hivyo kabla useme "najua", jiulize maswali mawili. Nimejuaje? Na ni nini kinaweza kunifanya nibadilishe mawazo? Kama jibu la pili ni "hakuna", hapo hujui kitu, umekaidi tu.

Na kama tumbo linakusumbua kila wiki, usibishane na mimi. Enda upimwe.