Shaba Haipimwi kwa Kilo Tu

Sisi watu wa Lubumbashi shaba tunaijua kwa tani na kwa kilo. Leo tuiangalie mahali pengine: juu ya upanga wa Japani.

Askari wa zamani wa kule, wasamurai, walivaa panga za chuma kikali. Lakini kile kisahani cha kulinda mkono, jina lake tsuba, mara nyingi kilifanywa na shaba. Fundi aliyeyusha shaba, akatia dhahabu kidogo sana, sehemu 3 ao 5 katika 100, halafu akachemsha kile kipande katika maji ya dawa. Kumbe shaba inageuka nyeusi, nyeusi yenye kung'aa buluu! Wanaiita shakudo. Juu yake alipamba ndege, maua, mawimbi ya bahari, kwa dhahabu na feza. Na kitu chenyewe kinaenea mu kiganja!

Mwaka wa 1876 serikali ikakataza raia kutembea na panga. Mafundi wakabaki bila kazi, sawa vile kompanyi inafunga na baba anarudi nyumbani. Wengine waliacha. Wengine wakatumia mikono ileile kufanya vyombo vya maua. Fundi mmoja mkubwa, Kano Natsuo, alikuwa amekwisha kuchora sura za feza mpya za nchi.

Na kwetu? Shoka la wakubwa wa Waluba halikupasua kuni. Chuma chake kimechorwa mistari, mpini una kichwa cha mwanamke, na mengine yamefunikwa na shaba. Huko Katongo, mu bonde la Upemba, wataalamu walikuta kaburi la zaidi ya miaka 1000: marehemu amelazwa na shoka lenye mpini wa kupambwa na misumari, na fuawe la mhunzi karibu na kichwa.

Kijana, najua utasema: «Ile ya nkambo ni mitraye tu, tuuzishe.» Mizani ya mnunuzi inajua kilo peke yake. Uliza kwanza wazee: lilikuwa la nani, lilibebwa siku gani? Andika majibu. Halafu ulipeleke ku Musée ya hapa mjini waliangalie.

Tena usilisugue na mchanga na ndimu ili ling'ae. Hata ule weusi wa shakudo ni ngozi nyembamba tu. Ukisugua, kazi ya fundi inatoka. Kitambaa kikavu, basi.