Waliokisoma Walijua Kilichoondolewa

Mwaka 2007 ilitoka filamu ya The Golden Compass, iliyotokana na riwaya ya Philip Pullman ya mwaka 1995. Huko Marekani baadhi ya Wakristo waliigomea, kwa kuwa mwandishi hamwamini Mungu. Waliokipenda kitabu nao walilalamika: ukali wake dhidi ya kanisa umepunguzwa, sura za mwisho zimekatwa.

Sisi wachungaji tungejiunga na wagomaji bila hata kukifungua kitabu. Lakini tuseme kweli, wasomaji wale wanatuaibisha. Wao walijua kilichoondolewa. Sisi tunairuka toba katika mahubiri ili mtoa sadaka nono asinune, na mlangoni washarika wanatushika mkono: “Mchungaji, leo tumebarikiwa kweli.”