Andika Bei, Andika Kipimo

Kila semina ya wafanyabiashara wadogo ninayoalikwa siku hizi, iwe Busia ya Uganda au Busia ya Kenya, huishia kwenye wosia uleule: fungueni tovuti, andikeni kila wiki, wateja watakuja wenyewe. Wauza nafaka wanaitikia kwa heshima, wanapokea vyeti vyao, wanarudi sokoni. Ukizitafuta tovuti hizo baadaye unakuta makala mbili: ya kwanza inawakaribisha wageni, ya pili inawatakia heri ya Krismasi. Basi. Toleo hili limetokana na hasira yangu juu ya jambo hilo, na hasira yenyewe nawaelekezea walimu wa semina, wanaomfundisha mtu kuandika bila kumuuliza mnunuzi wake anataka kujua nini.

Wapo pia wanaosema WhatsApp inatosha. Hoja yao ina uzito, na ndani ya toleo hili tumempa nafasi mwandishi mmoja aitetee kwa kirefu. Mama mwenye ghala Dabani akiweka picha ya mzigo kwenye status asubuhi, saa sita mchana mzigo umeshachukuliwa. Lakini picha ile hufutika baada ya saa 24, na asiye na namba yake haioni. Mnunuzi wa Eldoret anayetafuta mahindi kwa mara ya kwanza hana pa kumpatia. Ataangukia mikononi mwa dalali, naye dalali atakula pande zote mbili.

Halafu kuna suala la nani anamiliki mlango. Julai 2018 serikali ya Uganda ilianza kutoza shilingi 200 kwa siku kwa kila anayetumia WhatsApp, Facebook na mitandao ya aina hiyo. Asiyelipa alifungiwa mitandao, ila tovuti za kawaida alizisoma bila kizuizi. Kodi hiyo iliondolewa Julai 2021, mahali pake ukaja ushuru wa asilimia 12 kwenye bando. Januari ya mwaka huohuo, siku mbili kabla ya uchaguzi mkuu, Facebook ilifungwa Uganda nzima, ikaendelea kufungwa miaka iliyofuata. Fundi cherehani wa Tororo aliyekuwa amejijengea jina lake lote humo alijikuta mahali pagumu: wateja wake wa upande wa Kenya waliendelea kuuona ukurasa wake, yeye mwenyewe hawezi kuufungua kuwajibu mpaka apitie VPN.

Waliotegemea vya bure kutoka ng'ambo hawakusalimika pia. Mwaka 2011 Google ilianzisha Kenya mradi wa kuwapa wafanyabiashara wadogo tovuti za bure zenye anwani ya .co.ke. Machi 2024 kampuni hiyohiyo ilizima, dunia nzima, tovuti rahisi zilizotengenezwa kupitia wasifu wa biashara kwenye ramani zake. Kinyozi aliyekuwa ameandika bei na saa zake za kazi humo aliamka hana ukurasa. Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: lipia anwani yako mwenyewe, iwe .co.ug au .co.ke, na maneno yako ya kudumu yakae hapo. WhatsApp ibaki kuwa mahali pa kuongea na mteja akishakupata.

Ukishalipia, uandike nini? Hapa ndipo ninapoachana kabisa na walimu wa semina. Tulipokuwa tunaandaa toleo hili tulisoma ukurasa wa mfanyabiashara mmoja wa mahindi, naye ameturuhusu tuutumie bila jina lake. Ulikuwa umeandikwa kwa Kiingereza kizito: kampuni inayoongoza, masuluhisho ya kilimo, ubora wa kimataifa. Aya nne nzima, na mahindi yametajwa mara moja. Bei haikuwemo, kipimo hakikuwemo, wala haikuelezwa ghala liko upande gani wa mpaka. Tukamwomba auweke kando, atutajie tu maswali anayoulizwa kwenye simu tangu asubuhi hadi jioni. Akayamwaga kwa mfululizo: Gunia lako ni la kilo ngapi? Yamekauka? Bei hiyo ni ya shilingi ipi? Utanivushia au nije mwenyewe? Nina M-Pesa, wewe utapokeaje? Majibu yake tuliyaandika kama alivyoyasema, na sasa ukurasa wake unaanza hivi:

"Nauza mahindi meupe, yamekaushwa juu ya turubai na kupepetwa. Gunia langu ni la kilo 100. Ukitaka la kilo 90, nitakupimia mbele yako. Bei ya kilo moja iko hapo juu, kwa shilingi ya Uganda na ya Kenya, pamoja na tarehe niliyoiandika. Ghala liko Dabani, upande wa Uganda. Mzigo mdogo njoo uuchukue mwenyewe, mzigo wa lori tuelewane kwanza kwa simu. Ukikuta mahindi yana unyevu kuliko nilivyosema, usilipe."

Sentensi ile ya mwisho ni yake, hatukumwongezea neno. Hakuna makala ya kila wiki itakayomfanyia kazi kuliko hiyo.

Wasomaji wetu wa hapa mpakani wanajua kwa nini nimeshikilia kipimo. Gunia la mahindi Kenya huhesabiwa kuwa la kilo 90. Upande wa Uganda wengi wakitaja gunia wana maana ya kilo 100. Mnunuzi wa Bungoma anasikia bei, anaigawa kwa 90, anasema huyu ni ghali, anakata simu. Wamepoteana kwa kilo kumi ambazo hakuna aliyezitaja. Rejareja ndiyo mbaya zaidi. Gorogoro, bati la kupimia nafaka, inatakiwa ibebe kilo mbili, lakini kila mama wa nyumbani ameshawahi kupimiwa kwa bati lililobonyezwa kitako. Ukiandika bei kwa kilo, ukaandika na tarehe, umeshajitenga na wale wenye mabati yaliyobonyea kabla mteja hajakuona uso.

Hali kadhalika ubora. Tarehe 5 Machi 2021 Kenya ilipiga marufuku mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu, na malori yakakwama mpakani. Baada ya siku tano marufuku iliondolewa kwa masharti: waingizaji wasajiliwe, na kila shehena iwe na cheti cha kuonyesha kwamba sumukuvu haizidi sehemu 10 kwa bilioni. Aliyeumia kuliko wote ni mwenye magunia machache, ambaye habari zilimfikia kwa uvumi, kila boda boda akija na toleo lake. Kiwango cha Afrika Mashariki hakiruhusu unyevu wa mahindi upite asilimia 13.5, nao wanunuzi wakubwa wameshaizoea namba hiyo. Muuzaji anayeeleza kwenye ukurasa wake anakausha juu ya nini, anapima kwa kifaa gani, na cheti anakipata wapi, anamwondolea mnunuzi woga ambao picha peke yake haiwezi kuuondoa.

Kuvusha mzigo nako kunahitaji kuandikwa. Sisi tunajua kwamba tangu kituo cha pamoja cha forodha cha Busia kifunguliwe rasmi Februari 2018, mzigo unaotoka Uganda unashughulikiwa mara moja, upande wa Kenya. Tunajua kwamba bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, zisizozidi thamani ya dola 2,000, hupewa cheti rahisi cha asili palepale mpakani, ingawa nafaka bado inadaiwa cheti cha afya ya mimea. Mnunuzi wa Kisumu hayajui hayo. Kichwani mwake mpaka ni njia za panya na askari wa kumsumbua, basi anaamua kununua kwingine. Aya moja ya muuzaji, iliyoandikwa kwa lugha ya kawaida, ingemleta.

Lugha yenyewe iwe Kiswahili. Najua nitapingwa, hasa Tororo. Lugha hii ilibebeshwa Uganda sifa ya kambi za jeshi, na wapo wazee wanaoisikia hivyo hadi leo kwa sababu wana kumbukumbu za kweli. Lakini Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda lilikubali Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima shuleni, na sokoni lugha hii haikungoja baraza lolote. Msamia na Mteso wako pande zote mbili za mpaka, Mjopadhola yuko Tororo, Mganda anashuka na ndizi zake, na wote wakifika kwenye bei wanaongea Kiswahili. Anayeongea Kiswahili na mteja mchana kutwa, kisha akafungua tovuti na kumwandikia Kiingereza cha kuazima, anamfukuza mtu aliyekuwa tayari kununua.

Mtangazaji wa redio aliyetuandikia anataka kurasa za Kisamia, na makala yake ni nzuri. Kwa mwenye duka ambaye wateja wake wote wanatoka kata yake, anasema kweli. Kwa anayeuza hadi Nakuru, hapana. Mtengeneza tovuti wa Tororo anaeleza jinsi ya kupunguza uzito wa picha ili ukurasa ufunguke kwa bando dogo; someni makala yake mkiwa na simu mkononi. Mwanasheria wetu ana onyo kuhusu kodi na kumbukumbu za mauzo. Tumechapisha pia maelezo ya mvushaji mizigo mwenye ulemavu anayetumia baiskeli ya magurudumu matatu, naye anataka kurasa za wauzaji zitaje nauli yake waziwazi ili asipunjwe. Ombi hilo ni la haki, na halimgharimu muuzaji zaidi ya mstari mmoja.

Mtu atauliza: na makala za kila wiki je? Mwenye muda na aandike. Asiye na muda abadilishe bei na tarehe kila Jumatatu, atakuwa amewapita wengi. Bei ya mwezi uliopita iliyoachwa juu ya ukurasa inaharibu jina kuliko kukosa ukurasa kabisa, kwa kuwa mteja aliyepoteza nauli ya kuja Busia harudi.

Msomaji mwenye biashara, usingoje semina nyingine. Leo jioni andika maswali matano unayoulizwa mara nyingi na wateja, na jibu la kila moja kama unavyolitoa kwa mdomo. Utuletee karatasi hiyo hata kama huna tovuti bado. Tutaisoma, tutakurudishia na maoni yetu, na zile zitakazotupendeza tutazichapisha toleo lijalo kwa ridhaa yako.