Githeri Si Chakula cha Shida, na Shule Si Upuzi

Wasee, leo nimekuja na moto kidogo. Mnivumilie.

Juzi niliona menyu ya mkahawa mmoja hapa Nairobi. Bakuli la vegani: mahindi, maharagwe, vipande vya avokado, dhania juu. Shilingi 850. Nilicheka peke yangu hadi mhudumu akanikazia macho. Buda, hiyo ni githeri. Githeri imevaa suti.

Na hiyo githeri ndiyo ilinilipia karo. Mathe huiuza kwa steji tangu nikiwa nasari. Yeye mwenyewe aliachia shule darasa la sita, pesa zilikosekana.

Sasa nikiri kitu. Nikiwa shule ya bweni nilimkana. Githeri ya huko ilikuwa na wadudu, sisi wote tukaiita chakula cha shida. Mtu akiniuliza mathe hufanya kazi gani, nasema "biashara" halafu nabadilisha stori. Kampasi ikawa vilevile. HELB ikiingia ni chipsi kuku, HELB ikiisha narudi kwa githeri nimefunga mlango.

Ndiyo maana kuna makundi mawili yananiudhi sana.

La kwanza ni wale husema kula bila nyama, maziwa na mayai ni mambo ya wazungu na matajiri. Ati nini? Ugali na sukuma. Ndengu na chapati. Managu, terere, kunde, mukimo. Nyumba nyingi mtaani hula hivyo wiki nzima na hakuna mtu amewahi kuziita vegani. Ni chai ya maziwa tu inatuharibia jina.

La pili ndilo linanikasirisha zaidi. Wale huposti, "shule ni skam, ona huyu mama hajasoma na anakula vizuri." Wee. Kama shule ni upuzi, muulize huyo mama mbona alikuwa anaamka saa kumi alfajiri kuwasha jiko ndio mimi nisome. Aliyenyimwa shule ndiye anajua bei yake. Usimtumie kama mfano wa kukataa kitu alichokililia.

Bayolojia ya kidato cha kwanza ilinipa neno protini. Nikaendelea kusoma, nikajua mahindi yana upungufu wa laisini na maharagwe yanayo ya kutosha. Maharagwe nayo yana upungufu wa methionini, na mahindi yanaziba hapo. Ukichanganya, mwili unapata amino asidi zote unazohitaji. Yaani githeri haikutokea kwa bahati. Wazee wetu walijua inashikilia mtu hadi jioni, shule ikanionyesha kwa nini.

Lakini sikilizeni, kuna vitu ulimi hauwezi kukwambia. Ukiacha kabisa nyama, maziwa na mayai, vitamini B12 utaitoa wapi? Mboga hazina. Lazima vyakula vilivyoongezwa hiyo vitamini, ama tembe. Kuna pia madini ya chuma: chai pamoja na chakula hukuzuia kuyapata vizuri, lakini ukikamulia managu ndimu, mwili unayachukua kwa urahisi. Hayo mtu huyajua kwa kusoma.

Mathe alikuwa anatia magadi kwa maharagwe ndio yaive haraka. Siku moja nikamwambia magadi huharibu vitamini B1. Akaniangalia hivi. "Na makaa utaninunulia wewe?"

Nilinyamaza, juu alikuwa sahihi. Nimesoma, lakini bei ya makaa sikuwa nimeiweka kwa hesabu. Tukaanza kubishana vizuri. Nikasema tuloweke usiku kucha, tumwage hayo maji, tupike na mengine. Kesho yake jioni nilimkuta amejaza karai, gorogoro mbili za maharagwe ndani ya maji. Asubuhi yaliiva mapema na magadi ikabaki kwa mkebe. Hakunipongeza. Aliuliza tu, "Na hiyo walikufundisha kidato gani?"

Hilo swali sijalisahau. Lilikuwa na utani, lakini lilikuwa na uchungu pia. Alikuwa anauliza kuhusu darasa ambazo hakuwahi kuingia, huku akizilipia mimi.

Kwa hivyo usiniletee ati chagua, jikoni ama darasani. Elimu inayokufanya uone aibu na sufuria ya nyumbani haijaisha, rudi umalizie. Na sufuria bila elimu itakushibisha vizuri tu, lakini kuna siku itakuficha kitu mwili wako unakosa.

Wikendi hii mpigie mathe. Muulize ndengu yake huanza na nini, kitunguu ama nyanya. Andika. Halafu mwambie kitu kimoja ulisoma shule kinachoweza kumsaidia hapo jikoni. Kama hukumbuki hata kimoja, basi hapo githeri haina makosa.