BRO, BASTOLA SIYO CHENI YA SHINGONI

Wadau, leo sitaji jina la mtu. Sina haja hata, maana huyo unayemfikiria ndiye, na kama siye basi ni mwenzake, siku hizi wamekuwa wengi. Staa akishika hela ananunua ndinga, anahamia mtaa wenye mageti, halafu anatafuta mguu wa kuku. Haipiti wiki tunaoneshwa. Klipu zote zinafanana: anakoki, anaizungusha kama funguo za gari, anailenga kamera, anacheka. Kwenye komenti machawa wanamwaga emoji za moto na "baba lao hagusiki".

Mimi naona anagusika vizuri tu, na wa kwanza kumgusa atakuwa yeye mwenyewe. Watu wanaona mtu hatari pale, mimi naona mtu asiyejua alichoshika.

Kabla hamjaanza kunishambulia tuelewane. Sina tatizo na mtu kumiliki bastola kihalali. Tanzania ina Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na ukitaka silaha lazima upite kwenye vibali. Kama umepita huko ukapewa, hongera. Una hela, wezi wanajua unapolala, sawa. Ugomvi wangu uko kwenye kitu kidogo sana ndani ya hizo klipu, nacho ni kidole chako cha shahada.

Zima sauti ya video, usiangalie saa wala viatu, angalia kidole tu. Kiko kwenye triga muda wote. Anaongea kiko pale, anacheka kiko pale, anampa mshkaji tano kwa mkono mwingine bado kiko pale.

Kwa ambaye hajui, triga ni kile kidude unachokivuta risasi itoke, na kimezungushiwa duara ya chuma au plastiki ngumu ili kisiguswe hovyo. Mtu aliyefundishwa utamjua ndani ya sekunde moja. Kidole chake kimenyooka nje ya ile duara, kimelala ubavuni mwa bastola, na hakiingii ndani mpaka ameshalenga na ameshaamua kupiga. Hizo siyo mbwembwe za wanajeshi. Kuna kanuni nne maarufu, alizozieneza mwanajeshi wa zamani wa Marekani anaitwa Jeff Cooper. Hesabu kila silaha kuwa ina risasi. Usielekeze mtutu kwenye kitu ambacho hauko tayari kukiharibu. Kidole kikae nje ya triga mpaka uwe umelenga. Jua unachokipiga na kilichoko nyuma yake. Kwenye klipu ya sekunde 15 bro amevunja zote nne, na wimbo haujafika hata kwenye kiitikio.

Sasa utasikia, "Acha uoga, hawezi kuvuta bila kutaka." Anaweza kaka, na ndiyo hatari yenyewe. Mwili wa binadamu una tabia ya kujikunja ukishtuka. Ukijikwaa, ukisukumwa, au ukisikia kishindo ghafla, mikono inakaza yenyewe kabla akili haijajua kuna nini. Hata ukikaza mkono mmoja kwa nguvu, ule mwingine unaweza kukaza kidogo. Sasa fikiria meza ya VIP. Chupa zinaletwa na fataki, spika zinapiga kifuani, mtu kanywa, dada wa watu anapita katikati na trei, na bro kidole kiko ndani. Puto likipasuka tu hapo, nani anajibu?

Triga yenyewe wala siyo ngumu kama mnavyodhani. Chukua Glock, aina ambayo mastaa wanaipenda sana. Haina kile kitufe cha nje cha kuzuia ambacho bastola nyingine wanacho. Ina vizuizi vitatu vinavyojiendesha vyenyewe, na vyote vinaachia pale unapovuta triga. Maana yake ukivuta, inalia. Nguvu inayotakiwa ni kama kilo 2.5 hivi, pungufu ya ile unayotumia kunyanyua mfuko wa unga wa kilo tano kwa shangazi yako. Kuna nyingine kama Beretta 92, ambayo risasi ya kwanza triga yake ni ndefu na nzito, ila baada ya hapo inakuwa fupi na nyepesi. Mtu asiyeijua anapiga ya kwanza kwa shida, halafu ya pili inamtoka bila kutarajia.

Ndiyo maana mtu mwenye akili akinunua bastola mpya anakaa nayo chini kujifunza. Anaitoa risasi zote, anakagua mara mbili, risasi anazipeleka chumba kingine kabisa. Halafu anaanza kuvuta triga polepole akiwa ameielekeza upande salama, ajue inapoanza kukaza, inapoachia, na ikirudi mbele inashika tena wapi. Leo mara hamsini, kesho mara hamsini, wiki baada ya wiki. Baadaye anaenda uwanja wa shabaha, kwa mkufunzi anayetambulika, anapiga risasi za kweli akisahihishwa. Inachosha kinoma na haina kiki hata kidogo. Hakuna chawa atakayeposti video ya bosi wake amekaa sebuleni na kaptula anavuta triga tupu nusu saa. Lakini huko ndiko kuizoea bastola kwenyewe.

Wenzetu wao wanafanya mazoea ya aina nyingine. Wiki ya kwanza anaiogopa, anaishika kwa mikono miwili. Mwezi wa pili anaiweka mezani pembeni ya simu. Mwezi wa nne iko kiunoni ndani ya suruali ya mazoezi, haina hata mkoba. Hajajifunza kitu chochote cha ziada ila woga umemtoka. Huyo kuzoea kwake ni kuisahau. Wahenga walishasema mazoea yana taabu.

Mkoba nimeutaja kwa sababu. Novemba 2008, mjini New York, staa mmoja wa NFL aliingia klabu na bastola aina ya Glock ameichomeka kiunoni bila mkoba. Ikaanza kuteleza kwenda chini mguuni, yeye akawahi kuidaka, na katika kuidaka akabonyeza triga. Risasi ikampiga paja lake mwenyewe. Jamaa huyo Februari ya mwaka huohuo ndiye aliyefunga goli la ushindi la timu yake kwenye Super Bowl, yaani alikuwa juu kabisa. Kibali cha New York hakuwa nacho, akakiri kosa mahakamani na akahukumiwa kifungo cha miaka miwili. Hakuna mwizi wala adui aliyemgusa, alijimaliza mwenyewe kwa kidole chake.

Kisingizio kingine ninachokichukia kupita vyote ni hiki: "Mbona haina risasi?" Umejuaje? "Nimetoa magazini." Aisee. Magazini ni lile sanduku la risasi linalochomekwa kwenye mshikio. Bastola ikishakokiwa, risasi moja imeshapanda kwenye chemba, juu kule mwanzo wa mtutu. Ukichomoa magazini ile moja inabaki palepale inakusubiri, na bastola nyingi zitaipiga vizuri tu hata kama magazini haipo. Na hao mastaa wetu kwenye klipu kazi yao ni nini? Kukoki! Anakoki kwa ajili ya mlio, anachomoa magazini kwa ajili ya picha, halafu anamlenga mpiga picha wake akijua iko tupu.

Na wewe dairekta wa video unayesema "leta ile yako ya kweli, itakaa poa kwenye kamera", isikilize hii. Oktoba 2021 huko New Mexico, Marekani, kwenye filamu ya Rust, mwigizaji Alec Baldwin alikabidhiwa bastola ya mazoezi ya tukio akaambiwa ni salama. Ikalia. Mpiga picha mkuu wa filamu hiyo, Halyna Hutchins, akafa akiwa na miaka 42, na dairekta akajeruhiwa. Kesi ya mwigizaji ilifutwa mwaka 2024, lakini aliyekuwa msimamizi wa silaha alikutwa na hatia mwaka huohuo na akafungwa miezi 18. Pale walikuwa na mtu ameajiriwa kabisa kwa ajili ya silaha. Kwenye shuti yako ya Mbezi nani msimamizi wa silaha? Yule dogo anayeshika mwavuli?

Sasa tuongee ukweli, nani hasa anahatarishwa hapa. Staa ana hela ya wakili na hospitali ya gharama. Anayekaa mbele ya ule mtutu ni mpiga picha anayelipwa baada ya miezi mitatu, mhudumu anayesubiri tipu, dansa, baunsa, dereva. Wanaona kabisa bosi anacheza na kitu kibaya, ila nani atamwambia? Ukimwambia kesho hupo kwenye timu, wanasema una nuksi. Basi wanacheka naye huku wanasogea pembeni kidogokidogo. Ziangalie tena hizo klipu, utawaona wanavyosogea. Na kuta za klabu zetu nyingi ni jipsam tu, risasi inapita kama karatasi, inamkuta mtu kwenye foleni ya chooni ambaye hata hajui staa yuko ukumbini.

Halafu nyumbani kuna watoto. Mtoto wa miaka mitano anaangalia simu ya baba siku nzima, anaona baba akikoki anashangiliwa na watu laki mbili. Siku akiikuta juu ya kabati unadhani atafanya nini? Atafanya alichokiona kwenye simu.

Kwa hiyo bro, usijifanye hujaelewa. Kama unaihitaji kweli kwa usalama wako, nenda kajifunze. Ikae kwenye mkoba uliofunika triga, nyumbani ikae kwenye sefu, na siku unayokunywa ibaki huko. Bastola ya kujilinda adui hapaswi hata kujua kama unayo. Ukiiposti umewatangazia wezi kuwa nyumbani kwako kuna bastola ya kuiba.

Wenye klabu, mnakagua dada wa watu mpaka kwenye pochi asiingie na maji ya chupa, ila staa anapita na chuma kiunoni mnamuita mheshimiwa. Wekeni utaratibu mmoja mlangoni kwa wote, asiyetaka arudi nyumbani. Kibali chake hakimlindi anayehudumia meza yake.

Na sisi mashabiki, kila like ni kumwambia arudie. Ukiona klipu ya namna hiyo usiweke moto wala "baba lao". Andika neno moja tu, TOA KIDOLE. Akiona komenti elfu moja zinasema hivyo, ataona aibu, na mastaa wetu aibu wanaiogopa kuliko sheria.

Najua team zake mtakuja na matusi, karibuni, uwanja ni wenu hapo chini. Ila kabla hujanitukana nijibu swali moja: yule mpiga picha aliyesimama mbele ya mtutu angekuwa kaka yako, bado ungelike?