Dawa ya kansa inayowekwa ndani ya kibofu: ni habari njema, lakini itamkuta nani?



Bila shaka wengi wenu mmewahi kutumiwa ile habari ya panya wa Barcelona. Kwa ambaye hakuiona, ni kwamba Januari 2024 watafiti wa huko Hispania walitangaza kuwa wametengeneza chembe ndogo mno, zinazoogelea ndani ya kibofu cha mkojo kwa kutumia yurea, yaani ile taka iliyomo kwenye mkojo wenyewe, kama petroli. Chembe hizo zilibeba dawa ya mionzi mpaka kwenye uvimbe, na uvimbe wa panya wale ukapungua kwa karibu asilimia 90. Mimi nilitumiwa na watu watatu siku moja. Wa mwisho aliandika, "Kansa ya kibofu imepata dawa!" Hapana jamani, waliopata dawa ni panya.

Hata hivyo wazo lenyewe ni zuri na si geni. Kwa miaka mingi madaktari wamekuwa wakitia dawa ya kansa, kama mitomaisini, moja kwa moja kibofuni kwa kupitia mpira wa mkojo. Mgonjwa anaibana kwa saa moja au mbili, halafu anakwenda kukojoa. Kwa kuwa dawa kidogo sana huingia kwenye damu, nywele kwa kawaida hazinyonyoki na kutapika ni kidogo, ingawa mkojo huweza kuchoma na mtu akawa haishi kwenda chooni. Tena wapo wanaotiwa BCG, ile ile chanjo ya kifua kikuu iliyotuachia kovu mkononi tulipokuwa watoto. Imetumika kwa kazi hii tangu miaka ya 1970, na mpaka leo ni miongoni mwa tiba kubwa.

Tatizo ni kwamba ukuta wa kibofu umeumbwa usipitishe kitu. Kama ungepitisha, mkojo ungerudi mwilini. Kwa hiyo dawa nayo inagonga mlango bila kufunguliwa, na huku figo zinaendelea kuleta mkojo mpya unaoizimua. Hapo ndipo vibebeo vidogo vinapohitajika. Watafiti wanaifunga dawa ndani ya chembe za mafuta, au za protini, au za kitosani, ambayo hutokana na maganda ya kamba (ndiyo, hao hao tunaowala na wali wa nazi). Kitosani hunata kwenye ute wa kibofu, hivyo dawa hukaa pale inapotakiwa badala ya kutoka na mkojo.

Binadamu wameshajaribiwa pia. Mwaka 2014 madaktari wa Columbia, New York, walitoa matokeo ya wagonjwa 28 ambao BCG ilikuwa imeshindwa kuwasaidia. Waliwekewa paklitakseli iliyofungwa kwenye chembe za protini, na kwa wagonjwa 10 kansa haikuonekana tena. Kumi kwa watu ambao vinginevyo wangeambiwa kibofu kitolewe ni jambo kubwa. Mwaka 2025 Marekani iliidhinisha njia mbili nyingine, ambazo si chembe lakini nia ni ile ile ya kuikawiza dawa: mitomaisini inayoingia ikiwa ya maji na kugeuka ute mzito ikipata joto la mwili, na kifaa kidogo kinachokaa kibofuni wiki 3 kikitoa gemsitabini polepole.

Sasa nianze kulalamika. Dawa zote hizi ni za kansa iliyo bado juu juu, kwenye ngozi ya ndani ya kibofu. Ikishazama kwenye msuli, mara nyingi mazungumzo yanakuwa ya kutoa kibofu au ya kemotherapi ya dripu. Na sisi tunachelewa. Damu ya kwanza kwenye mkojo mara nyingi haiumi. Inatoka leo, inakatika wiki nzima, mtu anashukuru Mungu na kunyamaza. Mwanamke anapewa vidonge vya maambukizi mara tatu mfululizo bila mtu kumpima kwa kamera.

La pili linanikera zaidi. Wengi wetu tumeoga kwenye mito na madimbwi, Pemba, Mwanza, pwani ya Kenya, na tumepata kichocho. Kuna sehemu kijana akikojoa damu watu walicheka na kusema amekuwa mwanaume. Lakini tangu 1994 shirika la kimataifa la utafiti wa kansa limekiweka kichocho cha njia ya mkojo kwenye orodha ya vitu vinavyosababisha kansa kwa uhakika. Kansa inayoletwa nacho mara nyingi ni ya aina nyingine, huonekana ikiwa imeshazama, na wagonjwa wa aina hiyo kwa kawaida hawakuingizwa kwenye majaribio ya dawa hizi mpya. Kwa maoni yangu hii si haki. Kibebeo kinachonata kwenye kibofu kilichojaa makovu ya kichocho kitafanya kazi vipi? Swali hilo linastahili pesa za utafiti kama lile la panya.

Wakati tunasubiri, daktari wa Minneapolis au Leicester hana habari na dimbwi ulilooga ukiwa na miaka minane. Hatakuuliza. Mwambie mwenyewe: nilikulia mahali penye kichocho, niliwahi kukojoa damu, nilitibiwa au sikutibiwa, na nimevuta sigara miaka kadhaa (sigara ndiyo chanzo kikubwa kuliko vyote, hivyo usimfiche). Ukiona damu hata mara moja tu, omba kupelekwa kwa daktari wa njia ya mkojo. Ukiambiwa ni kansa, uliza imefika kwenye msuli au bado, na ni ya aina gani.

Na usimchukue binti yako akutafsirie. Najua mzee mmoja aliyekwenda na mwanawe, akaona haya kutamka neno mkojo mbele yake, akasema anaumwa mgongo. Akapewa dawa za mgongo. Hospitali za Marekani na Uingereza zina mkalimani bila malipo, hata kwa simu, na unaweza kuomba awe mwanaume au mwanamke. Omba siku ile ile unayopiga simu kuweka miadi, kwa sababu wa Kiswahili si wengi.