Mashine Haina Masikio

Kila nikikaa barazani hapa Matemwe baada ya sala ya alasiri, na mazungumzo yakaingia katika maradhi, haupiti muda mrefu ila mtu atasema: "Tatizo letu ni mashine. Wenzetu wana mashine, inakupiga picha, inaona kila kitu." Waliobaki huitikia kwa vichwa. Mimi sikubaliani nao, na kwa kuwa barazani nimekwisha kuitwa mbishi, nimeona niandike.

Sisemi kwamba mashine si kitu. Eksirei iligunduliwa na Röntgen mwaka 1895. Mashine ya CT, ile inayoonyesha kichwa kipande baada ya kipande, ilitumiwa kwa mgonjwa wa kwanza mjini London mwaka 1971. Mmoja wa watu wawili waliopewa Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo mwaka 1979, Allan Cormack, alizaliwa Johannesburg, na fikra yenyewe ilimjia akiwa Cape Town. Kisha ikaja MRI, inayotumia sumaku badala ya eksirei. Hayo yote nayaheshimu. Ninachokikataa ni hilo neno "inaona kila kitu". Mashine hutoa picha. Anayeona ni mtu, na mtu huona zaidi pale alipoambiwa atazame.

Mtoto wa ami yangu alikuwa mvuvi hapa kijijini. Mwaka 2012 alitolewa kivimbe kidogo kwenye kaakaa, kidonda kikapona, akarudi baharini. Mwaka 2016 alianza kuhisi kama sisimizi wanatembea chini ya ngozi ya shavu la kushoto. Baadaye shavu likaingia ganzi, na meno ya juu ya upande huohuo yakawa kama si yake. Katika muda wa mwaka mmoja aling'olewa meno mawili mazima, akapewa dawa ya "mshipa", akafukizwa ubani kwa kuwa ilisemekana amepigwa na upepo mbaya. Mwisho tulichanga fedha, akapigwa picha ya CT.

Hospitali sitoitaja. Fomu niliibeba mimi mwenyewe, na kwa mazoea ya ualimu niliisoma njiani. Palipotakiwa maelezo ya mgonjwa paliandikwa jambo moja tu, kwamba kichwa kinamuuma. Ganzi haikuandikwa. Kaakaa halikuandikwa. Nami niliyeisoma sikusema neno, na hilo nalikiri mbele yako, msomaji. Jibu lilirudi kwamba ubongo ni mzima, hapana damu iliyovuja, hapana kiharusi. Tukasoma dua ya shukrani, tukapika.

Mwaka 2018 akaanza kuona mashua mbili palipo na moja. Tukavuka kwenda Dar es Salaam. Huko daktari mmoja, binti ambaye angeweza kuwa mwanafunzi wa wanafunzi wangu, alimuuliza kabla ya kumgusa: "Mzee wangu, ganzi hii ilianza lini? Umewahi kutolewa kitu chochote mdomoni?" Kisha akaitaka picha ya zamani. Akaiweka kwenye taa, akatuonyesha kitundu katika mfupa wa chini ya fuvu. Cha kushoto kilikuwa kikubwa kuliko cha kulia. Ilikuwa picha ileile tuliyoipikia pilau.

Nieleze kama nilivyoelezwa. Katika ubongo hutoka jozi 12 za mishipa ya fahamu. Ule wa tano ndio unaoupa uso hisia, na una matawi matatu: la jicho na paji, la shavu na meno ya juu, na la taya na meno ya chini. Kila tawi hupita katika tundu lake kwenye mfupa wa fuvu. Ule wa saba huutikisa uso, na ukiharibika mdomo huenda upande. Sasa, zipo saratani za kichwa na shingo zenye tabia ya kuufuata mshipa wa fahamu kama mtu anavyofuata ujia wa shamba, mpaka zikaingia ndani ya fuvu. Mashuhuri ni ile ya tezi za mate iitwayo adenoidi sistiki, ambayo huenda polepole na yaweza kurudi baada ya miaka mingi. Nyingine ni baadhi ya saratani za ngozi ya uso, na katika nchi yetu ya jua kali wanaoumia zaidi kwa hizo ni ndugu zetu wenye ualbino. Kovu la nje limekwisha kupona, uvimbe hauonekani, na ugonjwa uko safarini.

Picha yaweza kuikamata safari hiyo. CT huonyesha mfupa na tundu lililopanuka, lakini tundu likishapanuka ujue ugonjwa umechelewa kukamatwa. MRI huonyesha mshipa wenyewe, mgonjwa akidungwa dawa ya gadolini na weupe wa mafuta ukazimwa ili usiufiche. Lakini lazima vipande viwe vyembamba, na lazima mtazamaji auandame mshipa kuanzia ngozini mpaka shina la ubongo. Nani atafanya kazi hiyo kwa mtu aliyeandikiwa kwamba kichwa kinamuuma? Ataangalia ubongo, ataukuta salama, atatia saini.

Nimetunga na kusahihisha mitihani maisha yangu yote ya kazi, na jambo moja nina yakini nalo: swali bovu halimpi mtahiniwa nafasi ya kuonyesha anachokijua. Msomaji wa picha ni mtahiniwa na fomu ni swali. Tunamletea swali bovu, kisha tunalalamika kwamba karatasi ilikuwa ya bei nafuu.

Sisi tuliosoma hupenda kumcheka mganga kwa habari za upepo. Ni kweli, jibu lake ni la uongo, na limewachelewesha wengi. Lakini mganga yule alimuuliza ndugu yangu yalianza lini, yalianzia wapi, yanazidi usiku au mchana, akamsikiliza mpaka chai ikapoa. Hospitali, ambayo ingeweza kuwa na jibu la kweli, haikuuliza. Nathubutu kusema kwamba aibu hiyo ni ya wasomi kuliko ya waganga.

Nasi wagonjwa tuna letu. Daktari anauliza, "Hujambo mzee?" nasi tunajibu "Sijambo," mtu kapooza nusu uso. Ukiulizwa la pili unasema "mshipa", na mshipa kwetu ni wa damu, ni wa fahamu, ni ngiri, ni kila kinachovuta mwilini. Neno linalobeba yote halimfikishi daktari popote. Sema: shavu hili halihisi maji ya kutawadha. Sema: hapa nilikatwa kivimbe mwaka fulani. Mficha maradhi kifo humuumbua, na kusema nusu ni kuficha nusu.

Najua nitakavyojibiwa. Daktari ana foleni iliyofika uwanjani, atapata wapi wakati? Namwonea huruma, nami nimefundisha darasa lisilo na madawati. Lakini neno ganzi lina herufi tano. Kuliandika hakuchukui muda mrefu kuliko kuandika kwamba kichwa kinauma, na gharama yake ni wino. Pia nitaambiwa nawatisha watu. La hasha. Ganzi nyingi si saratani, na wako wenye saratani ya namna hii ambao hawahisi ganzi hata kidogo. Nasema tu kwamba ganzi ya uso inayozidi, hasa kwa aliyewahi kukatwa kitu usoni au mdomoni, haistahili kung'olewa meno wala kufukizwa. Inastahili kuandikwa.

Ndugu yangu alipigwa mionzi katika Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, akarudi Matemwe, akakaa nasi mpaka mwaka 2020. Jicho la kushoto halikurudi. Sisemi kwamba angepona lau fomu ingejazwa vizuri. Yule binti hakusema hivyo, nami sina elimu ya kusema. Ninachokijua ni kwamba ushahidi wa ugonjwa ulikuwa mkononi mwetu, ndani ya bahasha, juu ya kabati, na hakuna aliyekuwa ameambiwa autafute.

Kwa hiyo wenzangu wa barazani, zidaini mashine, nami nitatia saini pamoja nanyi, maana ni chache na ni ghali, na mtu wa shamba huzifikia kwa taabu. Lakini siku mtakayopewa fomu mkononi, isomeni kabla ya kuondoka mlangoni. Mkikuta alilolisema mgonjwa halikuandikwa, rudini kwa adabu, mwambieni daktari aongeze. Mimi siku ile sikurudi.